Utomvu wa mwembe uliogandia kwenye boneti: namna ya kuutoa bila kuipoteza rangi

Swali: Ninaishi Mikocheni, na kwa kuwa nyumba haina kibanda cha gari, ninaegesha Toyota Harrier yangu nyeusi uani, chini ya mwembe, na tawi la mkungu wa jirani limevuka ukuta hadi juu ya paa la gari. Nilisafiri kwa wiki kadhaa, na niliporudi nilikuta boneti na paa vimejaa matone magumu ya rangi ya kahawia, pamoja na unyevunyevu unaonata kila mahali. Nimeosha kwa sabuni ya unga mara mbili. Kule kunata kumepungua, lakini matone hayajatikisika. Jirani ananishauri nitumie petroli, na kijana anayeniosheshea gari anasema ana tina na stilwaya. Nisingependa kufikia hatua ya kupiga rangi upya. Nifanye nini?

Jibu: Dada yangu, kabla ya jambo jingine lolote, mzuie kijana huyo asiiguse boneti kwa stilwaya, hata akiahidi kusugua polepole. Utomvu uliokauka hutoka, lakini mikwaruzo ya stilwaya juu ya rangi nyeusi haiondoki mpaka rangi yenyewe ipunguzwe. Kazi iliyo mbele yako inahitaji subira kuliko nguvu: dawa ndiyo inayopaswa kuulegeza utomvu, na mkono wako uwe wa kupokea tu kile ambacho dawa imekwisha kukilegeza. Dawa nayo haichaguliwi mpaka ijulikane ni kitu gani hasa kimegandia pale, kwa sababu vitu vinavyonata juu ya gari lililoegeshwa chini ya miti ya Dar es Salaam ni vya aina nyingi, na kila kimoja kina kinachokiyeyusha.

Ule unyevunyevu uliopungua kwa sabuni haukuwa utomvu. Mwembe unapochanua, na hapa pwani huchanua hasa katika miezi ya baridi kuanzia Juni, wadudu wadogo wanaofyonza maji ya maua na majani machanga huongezeka sana, na hutoa kinyesi cha majimaji kilichojaa sukari ambacho hudondoka juu ya kila kilicho chini ya mti. Sukari hiyo huyeyuka kwa maji ya vuguvugu. Ikiachwa kwa majuma, kuvu weusi huota juu yake, na ndiyo sababu majani ya miembe na paa za magari zilizo chini yake huonekana kama zimepakwa masizi. Tatizo hilo umekwisha kulipunguza, na kuosha mara nyingine kwa shampuu ya gari kutalimaliza.

Matone magumu ya kahawia ndiyo utomvu wenyewe. Utomvu wa mwembe hutoka kwenye vikonyo vya matunda, kwenye vijiti vilivyovunjika kwa upepo na kwenye nyufa za gome, na una sehemu ya mafuta yenye ukali. Ni huohuo unaombabua midomo mtu anayeng'ata embe bila kukiosha kikonyo. Maji yaliyomo hukauka kwa saa chache tu, kisha ile sehemu ya mafuta hubaki, ikaendelea kukaza siku hadi siku kwa joto la jua. Ndiyo maana sabuni haikufanya kitu: sabuni huhitaji maji yapenye, na maji hayapenyi humo. Kinachopenya ni spiriti.

Anayeshangaa kwa nini utomvu mkavu hushika rangi kwa nguvu kiasi hiki akumbuke sandarusi. Katika karne ya 19, utomvu wa msandarusi uliokuwa ukichimbwa ardhini katika nchi ya Mrima, ambamo Dar es Salaam ya leo imo, ulisafirishwa kupitia Zanzibar hadi Salem huko Marekani na Hamburg huko Ujerumani, ukapikwa pamoja na mafuta ukawa vanishi, na vanishi hiyo ikapakwa kwenye magari ya kukokotwa na farasi kwa sababu ilikuwa ngumu na yenye kung'aa kuliko nyingi nyingine. Utomvu wa mwembe wako si sandarusi, lakini tabia ni ileile: kitu cha namna hiyo kikitandazwa juu ya uso laini kikiwa majimaji na kukaukia hapo, hushikamana nao kama kilivyokusudiwa. Ukitaka kukibandua kwa ukucha au kwa kisu, mara nyingi hutoka na kipande cha kile kilichokishika.

Kuna aina mbili nyingine ambazo ni vizuri uzitambue, maana matawi ya jirani hayatabiriki. Ya kwanza ni gundi ya mkorosho, mgunga na mwarobaini, ambayo hukauka ikawa kama kioo cha manjano. Hiyo hulainika kwa maji peke yake, ikiwa utaifunika kwa kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu kwa robo saa au zaidi. Ya pili ni ulimbo mweupe wa mfenesi na wa miti ya jamii ya mkuyu. Huo una asili ya mpira, na spiriti haiuyeyushi, huuzidisha kuganda. Anayepasua fenesi hujipaka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla hajaanza, naye ana haki, kwa sababu ulimbo hushindwa na mafuta. Kwenye gari, mafuta ya nazi au ya kula yakikaa juu ya ulimbo kwa dakika kumi na tano huulegeza, kisha ukaviringishwa kwa kidole na kutoka. Kwa hiyo ukikuta tone linalovutika badala ya kuvunjika, weka spiriti kando na uchukue mafuta.

Sasa nieleze kwa nini ninaogopa petroli na tina, kwa kuwa ushauri huo hutolewa kila siku na watu wenye nia njema. Rangi ya gari lililotoka kiwandani ina tabaka kadhaa, na zote kwa pamoja kwa kawaida zina unene wa maikroni 100 hadi 150, maikroni moja ikiwa sehemu ya elfu ya milimita. Tabaka la juu kabisa ni vanishi isiyo na rangi, ambayo mara nyingi ina maikroni 35 hadi 50 tu, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kawaida wa kichwani. Vanishi hiyo ndiyo inayong'aa, ndiyo inayozuia maji na chumvi ya baharini, na ndiyo iliyobeba dawa za kuzuia miale ya jua isiichome rangi iliyo chini yake. Jua letu la karibu na ikweta huila hata bila msaada wa mtu. Kila unachokifanya juu ya boneti kihesabu kama matumizi kutoka kwenye akiba hiyo, ambayo hairudishwi.

Tina ni mchanganyiko wa vimumunyisho vikali uliotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuyeyusha rangi. Vanishi iliyookwa kiwandani inaweza kuvumilia tina ikipita juu yake kwa sekunde chache, lakini tone lililogandia wiki kadhaa halitoki kwa sekunde chache, na fundi anayetumia tina hulazimika kurudia na kurudia mahali palepale mpaka vanishi ilainike, ifubae au ikunjamane. Hatari ni kubwa zaidi kwa magari yetu mengi yaliyoagizwa Japani yakiwa yametumika, kwa sababu ni nadra kujua kwa hakika ni paneli ipi iliyowahi kupigwa rangi upya, huko lilikotoka au hapa. Paneli iliyopigwa rangi ya bei nafuu isiyochanganywa na dawa ya kugumisha, ile ambayo mafundi huiita hadina, itafutika kwa tina papo hapo, nawe utaona rangi nyeusi kwenye kitambaa na msingi wa kijivu kwenye boneti.

Petroli haina ukali wa tina, lakini ina ubaya wake. Huacha utando, huvimbisha raba za milango na vioo, ina benzini ambayo haifai kuvutwa puani wala kugusa ngozi, na mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini badala ya kupaa. Katika ua ambao jirani ana jiko la mkaa nyuma ya ukuta, sioni sababu ya kuuleta. Mafuta ya taa ni ya upole zaidi na yanafaa kwa madoa ya lami, lakini kwa utomvu wa mwembe hayazidi spiriti kwa lolote.

Unachohitaji kinapatikana kwa urahisi. Nenda duka la dawa ununue spiriti ya hospitali isiyo na rangi, au alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 au zaidi. Spiriti ya zambarau inayouzwa kwa ajili ya kuwashia majiko ina rangi ndani yake, kwa hiyo iache. Nunua pamba, na vitambaa vitatu au vinne vya maikrofaiba vilivyo safi. Kama spiriti haipatikani, sanitaiza ya mikono iliyo nzito, yenye alkoholi isiyopungua asilimia 60 na isiyo na manukato mengi, hufanya kazi hiyo vizuri, na uzito wake una faida kwa sababu haitiririki kutoka kwenye tone. Kwa matone sugu kabisa, maduka ya rangi na vifaa vya ujenzi huuza waiti spiriti, kiyeyusha rangi za mafuta kisicho kikali kama tina, ambayo uiweke kama njia ya pili.

Fanya kazi asubuhi mapema au jioni, gari likiwa kivulini na chuma kikiwa baridi. Boneti nyeusi iliyoanikwa juani adhuhuri inaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Spiriti itaruka kabla haijafanya chochote, na vanishi yenye joto hulainika na kukwaruzika upesi. Anza kwa kuliosha gari lote kwa maji mengi na shampuu ya gari. Sabuni ya unga iache kwa ajili ya nguo, maana chembe zake ambazo hazijayeyuka hukwaruza, nayo huondoa nta yote iliyokuwa inalinda rangi. Kama maji yenu ni ya kisima na yana chumvi, kama yalivyo katika sehemu nyingi za jiji hili, suuza mara ya mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua, na usiache matone yakaukie juu ya rangi nyeusi. Vumbi na mchanga lazima viondoke kwanza, kwa sababu chembe moja ya mchanga iliyonaswa chini ya kitambaa chenye spiriti inatosha kuchora mstari utakaouona kila ukifungua geti.

Kabla ya kugusa boneti, jaribu spiriti mahali pasipoonekana, kwa mfano kwenye ukingo wa ndani wa boneti yenyewe, na si wa mlango tu, kwa kuwa boneti ndiyo paneli unayotaka kuijua. Lowesha pamba nyeupe, ishikilie pale kwa dakika moja, kisha ifute. Pamba ikibaki nyeupe na rangi ikabaki inang'aa, endelea. Pamba ikitoka na weusi, simama: ama paneli hiyo ilipigwa rangi isiyo na vanishi juu yake, ama ilipigwa rangi isiyogumishwa, na hapo utumie mafuta ya nazi na maji ya vuguvugu tu, hata kama kazi itachukua siku kadhaa, au umwachie fundi wa rangi anayeaminika.

Ikiwa jaribio limekwenda vizuri, chagua tone moja. Usianze na kubwa kuliko yote. Chagua la wastani upande wa chini wa boneti. Lowesha kipande cha pamba cha ukubwa wa sarafu, kiweke juu ya tone, kisha kifunike kwa kipande cha nailoni ili spiriti isiruke. Subiri dakika moja. Ukikiinua utaona kingo za tone zimekuwa nyeupe na zimeanza kuachana na rangi, huku katikati pakiwa bado kahawia. Watu wengi hukosa subira hapo wakaanza kusugua, ilhali ndipo panapotakiwa pamba nyingine mpya na dakika nyingine moja. Tone likishakuwa laini lote, lizoe kwa kitambaa cha maikrofaiba kwa kulivuta kuelekea juu, mara moja, kwa upande mmoja, kisha ugeuze kitambaa upande msafi. Usizungushe mkono, kwa sababu utomvu uliolainika una vumbi ndani yake, nalo vumbi hilo husagika juu ya vanishi kila unapozungusha. Tone nene huenda likahitaji kurudiwa mara nne au tano, na kwa matone mengi gawa kazi kwa siku mbili au tatu. Kila ukimaliza eneo, lioshe kwa maji na shampuu ili spiriti na mabaki visikae.

Ikibaki hali ya ukwarukwaru unaouhisi kwa kiganja lakini huuoni kwa macho, upo udongo maalumu wa kusafishia rangi ya gari unaouzwa na wauza vifaa vya magari. Hutelezeshwa juu ya rangi iliyolowa vizuri maji yenye shampuu, bila kukandamiza, nao hubeba mabaki. Ukidondoka chini mara moja tu, utupe, kwa sababu umekwisha kuokota mchanga.

Kioo cha mbele kina ruhusa ambayo rangi haina: waweza kutumia wembe mpya ulioinamishwa, juu ya kioo kilicholowa maji ya sabuni, na utomvu utatoka kwa dakika chache. Taa za mbele, kinyume chake, ni za plastiki, na vimumunyisho vikali huweza kuzipasua nyufa ndogo ndogo. Kwa hizo tumia mafuta ya kula na maji ya vuguvugu pekee. Raba za wipa zifute kwa spiriti kidogo, la sivyo zitasambaza utomvu kwenye kioo kila mvua inyeshapo.

Nikwambie pia jambo ambalo pengine utalikuta baada ya tone kutoka, ili usidhani umekosea. Chini ya baadhi ya matone kutakuwa na alama ya duara, na ukimulika tochi kwa ubavu utaona ukingo wake umeinuka kidogo na katikati pamefubaa. Huo si utomvu uliobaki. Utomvu wenye ukali, ukisaidiwa na joto la mchana baada ya mchana, huingia ndani ya vanishi na kuivuta unapokauka, na alama hiyo ni ya vanishi yenyewe. Hakuna kiasi cha spiriti kitakachoiondoa, na kuendelea kuloweka ni kuumiza rangi bure. Alama nyepesi huondoka kwa polishi laini inayopakwa kwa mkono. Ya wastani huhitaji polishi ya mashine. Ya kina kirefu hupigwa msasa wa maji wa namba 2000 au 3000 kabla ya polishi, na hiyo si kazi ya kujifunzia kwenye gari lako mwenyewe. Ukimpelekea fundi, muulize kama ana kipimo cha unene wa rangi, na umwombe afanye eneo dogo kwanza mbele yako. Fundi anayekataa kuonyesha eneo la jaribio, au anayeanza moja kwa moja na polishi kali ya kukata kwa boneti nzima kwa sababu ya alama sita, anakupunguzia vanishi ambayo hukumtuma aipunguze. Alama zilizo kwenye paa, ambako hakuna anayezitazama, mimi ningeziacha.

Ukimaliza, rangi itakuwa imebaki bila kinga, kwa sababu spiriti huondoa nta. Paka nta siku hiyohiyo au kesho yake, ipo ya karnauba, yaani ya asili ya mmea, na ipo ya kutengenezwa kiwandani ambayo hudumu zaidi juani, kisha urudie kila baada ya miezi miwili au mitatu. Tone jipya likianguka juu ya nta hukaa juu ya nta hiyo kwanza kabla ya kuifikia vanishi, nawe ukiliwahi siku hiyohiyo kwa maji ya vuguvugu mara nyingi hutoka bila dawa yoyote.

Kuhusu kuegesha, sikushauri uukate mwembe. Kivuli chake kinalilinda gari na jua ambalo lingeila vanishi hiyohiyo. Mtafute mtu apunguze matawi yaliyo juu ya paa mara msimu wa maembe unapokwisha, na uzungumze na jirani kuhusu tawi la mkungu, ambalo ubaya wake si utomvu bali ni popo na kunguru wanaolala humo: kinyesi chao huchoma vanishi upesi zaidi kuliko utomvu, na majani yake mekundu yakilowa juu ya gari huacha doa. Ukisafiri tena, funika gari kwa kava la kitambaa kinachopitisha hewa, na ulifunike likiwa limeoshwa na kukauka. Turubai la plastiki lisitumike, kwa sababu upepo wa bahari hulichezesha, nalo husugua vumbi juu ya rangi usiku kucha.